Mche Hausubiri

Kila mwongozo wa bustani niliousoma kwenye simu unaanza na baridi. Sia mbegu zako ndani ya nyumba, unasema, wiki sita hadi nane kabla ya jalidi la mwisho. Kule Uingereza mtu anasia nyanya dirishani mwezi wa Februari au Machi, na hatoi miche nje moja kwa moja mpaka Mei iende ikiisha. Ndani kuna joto, nje kuna kifo. Habari imeisha.

Sasa njoo Matuga. Jalidi sisi twalisikia kwa watu. Kwetu Ng'ombeni, saa saba mchana, ukikanyaga mchanga bila ndara utaruka mwenyewe. Mbegu ya nyanya inataka joto la nyuzi 20 hadi 30 hivi ili iote vizuri, na joto sisi tunalo la kugawia wageni. Basi kwani Mama anatafuta nini anapojaza vifuu na pakiti za maziwa kwenye baraza ya nyuma kila ikifika Machi, mpaka sisi wengine tunapita ubavu ubavu kwenda chooni?

Nilimuuliza hivyo hivyo siku moja. Jibu lake lilikuwa neno moja: "Kuku."

Jibu refu ni kwamba Mzungu anauficha mche na baridi, sisi tunauficha na kila kitu kingine. Tone la mvua ya masika likidondokea mche wa siku kumi linaulaza chini, na yakija matone mia yanaufukua mizizi. Jua la mchana linakausha udongo wa juu kabla mzizi haujafika chini. Kuku anachakura. Mbuzi wa jirani hajui mpaka. Halafu kuna inzi weupe, wale wadudu kama unga wanaoruka ukitikisa jani, wanaobeba virusi vinavyokunja majani ya nyanya na kuyageuza manjano. Mche ukiambukizwa ungali mdogo, sahau mavuno. Mwezi wa kwanza ndio wa hatari. Ukiuvusha mche mwezi huo ukiwa mzima, yaliyobaki unaweza kupambana nayo shambani.

Si kila mboga inataka malezi haya. Mchicha unamwaga mbegu pale pale tutani, unaota. Bamia na kunde hali kadhalika. Mtsunga ndiyo kabisa, unaota wenyewe kando ya njia, kazi yako ni kuchuma. Lakini nyanya, pilipili, biringani, kitunguu na sukuma wiki hulelewa kwanza mahali pamoja, kisha huhamishwa. Na mbegu za nyanya za siku hizi, zile chotara, pakiti ndogo inakutoa jasho dukani. Huwezi kuzimwaga tu ukamwachia Mungu na kuku.

"Ndani" kwetu basi si chumbani. Ni popote penye paa na hewa: barazani, ukumbini karibu na mlango wa nyuma, chini ya ukingo wa makuti. Lakini najua wengi mnaosoma hapa mnakaa ghorofani, Tudor, Bamburi, au Pipeline kule Nairobi ambako dirisha la mtu linatazamana na dirisha la mtu, na swali lenu la kwanza ni mwanga. Tuanze hapo.

Mche unaokosa mwanga haufi mara moja. Unarefuka. Unakuwa mwembamba, umepauka, shingo ndefu kama mtu anayechungulia juu ya ukuta. Watu huona urefu ule wakafurahi, ati mche wangu unakua haraka. Haukui, unatafuta jua, na unalitafuta kwa akiba ile ndogo iliyokuwa kwenye mbegu. Akiba ikiisha, unaanguka.

Miongozo ya Ulaya itakwambia utafute dirisha linaloangalia kusini, kwa sababu kwao jua linakaa kusini mwaka mzima. Usiwasikize. Matuga iko nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta. Jua linapita juu ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba. Katikati hapo, kuanzia Machi inapokwisha hadi Septemba, liko upande wa kaskazini, na miche ya masika inataka dirisha la kaskazini. Kuanzia Oktoba hadi Februari linahamia kusini, na miche ya vuli inahama nalo. Mama hajawahi kutaja ikweta akizungumzia miche. Yeye husema tu, "Masika weka huku, kusi isiipige. Vuli weka kule, kaskazi isiipige." Na ni sawasawa. Wakati wa masika upepo wa kusi unasukuma mvua kutoka kusini, kwa hiyo ukuta wa kaskazini una jua na una kinga. Vuli inapoelekea kwisha, kaskazi inaanza kuvuma kutoka upande wa pili, na sasa ukuta wa kusini ndio wenye jua na kinga. Upepo na jua vinakuonyesha ukuta mmoja, ukijua kuangalia.

Taa za umeme huzihitaji. Mwanga wetu ni saa 12 hivi kila siku, na tofauti kati ya mwezi mmoja na mwingine haifiki hata saa nzima. Jua la asubuhi linatosha, la mchana liwekee kivuli chepesi, kipande cha kiroba au kuti moja. Chombo kigeuze kila siku ili mche usijizoeze kuinama upande mmoja. Halafu kuna jambo ambalo nilikuwa nikidhani ni mapenzi tu ya Mama kwa mimea yake: kila asubuhi anapitisha kiganja juu ya miche, polepole, kwenda na kurudi, kama anayempapasa mtoto kichwani. Baadaye nikaja kusoma kwamba wataalamu wa mimea wamelichunguza hilo. Mche unaoguswa-guswa na kutikiswa haurefuki ovyo, shina lake linakuwa fupi na nene. Ni kazi ambayo upepo ungeifanya kama mche ungekuwa nje. Mama alicheka nilipomwambia. "Walikuwa wapi siku zote hizo?"

Udongo wetu wa pwani ni mchanga. Maji yanapita kama yamekimbizwa. Mama anauchanganya na samadi ya mbuzi iliyooza mpaka haina harufu, na usumba, yaani nyuzi na unga wa makumbi ya nazi. Mjini usumba huo unauzwa umeshindiliwa kama tofali, kwetu unaupata nyuma ya nyumba bure. Unashika maji bila kufanya udongo uwe tope, na hewa inabaki ndani. Tahadhari ni chumvi. Makumbi yaliyoloweshwa ufuoni ili yasokotwe kamba yamekunywa bahari, na chumvi hiyo itauchoma mzizi. Unayafua kwa maji ya mvua, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mama anapima kwa ulimi. Anachukua kidogo, anaonja, anatema. "Bado." Anafua tena.

Vyombo ni vile vilivyopo. Tangu Kenya ipige marufuku mifuko ya plastiki, Agosti 2017, nyumba nyingi zimehamia kwenye pakiti za maziwa, chupa za maji zilizokatwa na mikebe. Mama anapenda vifuu. Nazi ukiipasua, nusu moja ina yale macho matatu, na jicho moja kati ya hayo ni laini, linatoboka kwa msumari. Hiyo ndiyo tundu ya kupitisha maji. Nusu isiyo na macho anaitumia kuchotea. Mbegu inaingia kina cha sentimita moja hivi, hapana zaidi. Mbegu ndogo ikizikwa sana inaishiwa nguvu njiani. Nyanya na sukuma zitachungulia ndani ya wiki moja, pilipili na biringani zitakuweka roho juu mpaka wiki mbili.

Halafu kuna kinyausi. Kama umewahi kulala ukiwa na miche arubaini iliyosimama wima na kuamka ukiwa na kumi, ushakutana nacho. Mche hauna jeraha, hauna mdudu, ila shina limenyong'onyea pale linapokutana na udongo, kama uzi uliolowa, na kichwa kimelala. Ni vimelea vya jamii ya ukungu vinavyoishi kwenye udongo na kupenda maji yaliyotuama na hewa isiyotembea. Dawa ya kukifufua mche ulioanguka haipo. Kazi yote ni kabla. Mama anachemsha udongo kwenye sufuria kuukuu hadi ufuke mvuke, nusu saa hivi, kisha anauacha upoe. Haachi miche ibanane. Maji anatia asubuhi, kamwe si magharibi, na hayamwagi juu. Anatia maji kidogo kwenye karai, anaviketisha vifuu humo, udongo unajinywea kutoka chini. Uso wa udongo ukikauka kidogo juu, kinyausi hakina pa kukaa.

Majani mawili ya kwanza si majani halisi, ni akiba ya mbegu iliyofunguka. Majani ya kweli ndiyo yanayofuata. Yakifika manne hadi sita, na shina likawa nene kama penseli, mche una wiki nne hadi sita na uko tayari. Lakini tayari hapo si kwamba unautoa leo na kuupanda leo. Mche wa barazani haujawahi kukutana na jua la saa sita. Unautoa siku ya kwanza saa moja tu ya jua la asubuhi, unaurudisha. Kesho saa mbili. Maji unapunguza kidogo, usinyauke ila uwe na kiu. Siku saba, siku kumi, hadi unashinda nje kutwa na kulala nje. Majani yanakuwa mazito, rangi inakolea. Kisha unapanda jioni, nyanya ukizizika shina karibu hadi majani ya chini, kwa sababu shina la nyanya likifukiwa linatoa mizizi.

Hapo ndipo mafunzo yote huishia. Picha ya mwisho siku zote ni ya mkono ulioshika mche na shimo chini yake. Shimo la nani, hawasemi.

Nyumba yetu imekaa juu ya kiwanja cha babu. Kiwanja hicho kina nyumba tatu, kisima kilichokauka, makaburi na minazi minne. Pa kupanda mboga hapana. Kwa miaka kumi na moja Mama alilima robo ekari hivi ya mtu mwingine, hatua chache kutoka kwetu. Mwenyewe anakaa Mombasa. Mapatano yalikuwa ya mdomo, barazani, juu ya chai, na yalikuwa na sharti moja: lima mboga, usipande mti.

Kama umekulia bara huenda sharti hilo likakushangaza. Kwetu pwani mti ni dai. Mtu anaweza kumiliki mnazi kwenye ardhi isiyo yake, na mnazi unaishi kuliko mapatano yoyote ya mdomo. Anayekuruhusu kupanda mwembe amekuruhusu kukaa. Kwa hiyo mtu asiye na hati anaruhusiwa vitu vya miezi mitatu: mchicha, nyanya, mahindi. Nyumba ya udongo, si ya mawe. Ukulima unaoweza kuondoshwa bila kelele.

Chimbuko lake ni la zamani. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kusajili umiliki wa ardhi kwenye ukanda wa maili 10 wa pwani, uliokuwa ukihesabiwa ni wa Sultani wa Zanzibar. Waliofikisha madai yao ofisini wakaandikishwa. Familia nyingi za Kimijikenda hazikuandikishwa, na wajukuu zao wakaja kuitwa maskwota mahali walipozikwa babu zao. Matuga ya ufuoni, Ng'ombeni, Waa, Tiwi, imo kwenye habari hiyo. Sisemi kwamba mwenye lile shamba alikosa. Karatasi anayo. Nasema tu kwamba Mama alikuwa mkulima wa mboga kwa sababu alizipenda, na pia kwa sababu ndicho kitu pekee alichoruhusiwa kuwa.

Kisha ikaja barabara. Zamani kutoka Mombasa hadi kwetu lazima upite feri ya Likoni, na mwenye pesa anayejiheshimu hakutaka kujenga mahali ambapo atasimama kwenye foleni ya feri na gari lake kila asubuhi. Sasa barabara ya Dongo Kundu inatoka Miritini, inavuka maji kwa madaraja na kuangukia Kibundani, hapo hapo kwetu, bila feri. Ni barabara nzuri, naipita mwenyewe. Lakini tangu ianze kupitika, kila mnazi wa Ng'ombeni una kibao kilichogongomelewa: ploti zinauzwa, nambari ya simu, jina la dalali.

Masika ya mwaka jana Mama alikuwa na miche 640. Nilihesabu mimi. Mia tatu za nyanya, mia mbili za sukuma, zilizobaki pilipili na biringani. Ilikuwa wiki ya nne. Tulikuwa tushaanza kuitoa juani saa mbili kwa siku. Asubuhi hiyo nilikuwa narudisha trei barazani nikasikia chuma kikigonga mawe kule shambani. Wanaume watatu walikuwa wakisimika bikoni, na wa nne ameshika bunda la seng'enge.

Yule kijana anayemwangalizia mwenye shamba alikuja mwenyewe nyumbani. Nilisoma naye. Hakukaa, ingawa Mama alimtolea kiti.

"Mama, mimi s'kufukuzi," alisema. "Lakini mwenyewe keshauza."

"Lini?"

"Kitambo kidogo."

"Nami nimetifua matuta wiki mbili zilizopita, ukiniona."

Alitazama chini. "N'lidhani watachelewa kujenga."

Mama hakupandisha sauti. Alimuuliza habari za mamake, akamwitikia, akamsindikiza hadi njiani. Kisha akarudi, akachukua karai, akaanza kunywesha vifuu kama kawaida. Nilitaka aseme kitu. Nilikuwa na maneno yangu mengi. Alisema tu, "Hii ina siku kumi. Ukiizuia sana, kumi na tano."

Hakuna aliyenieleza jambo hili kwenye mafunzo yoyote, na ndilo lililonifanya niandike: mche hausubiri. Mbegu inasubiri. Unaweza kuifunga kwenye karatasi, ukaiweka mahali pakavu, ikakaa mwaka, miaka. Mti mkubwa pia unasubiri, unavumilia kiangazi. Lakini mche ulio kwenye kifuu una saa yake. Mizizi ikishafika ukingoni inaanza kuzunguka, inajisokota kama kamba. Majani ya chini yanageuka manjano. Na ukipitiliza kabisa, mche unatoa ua. Watu hupiga picha ua hilo, wakadhani ni mafanikio. Ni mche ulioona kwamba hautapandwa, ukaamua uzae upesi kabla haujafa. Hata ukiuhamisha baada ya hapo, hautakuwa kamwe ule ambao ungekuwa.

Mwaka huo nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo yangu ya tatu ya vijana na kilimo. Nina cheti cha chuo, na juu yake nina vyeti vitatu vya mafunzo. Tulipewa fulana, chakula cha mchana, na trei nyeusi ya matundu 200, ambayo kusema kweli ni nzuri, ndiyo tuliyosia sukuma. Siku ya mwisho mwenzetu mmoja kutoka Mkongani aliinua mkono akauliza: na shamba? Mkufunzi alitabasamu. Akasema hilo ni swali la ofisi nyingine. Tukapiga picha ya pamoja.

Sitaki kuufanya mche uwe fumbo la maisha ya watu. Lakini nilikuwa na miaka 27, nimekaa kwenye baraza na fulana ile ile, natazama miche iliyofanyiwa kila kitu sawasawa, mwanga, maji, udongo uliochemshwa, na haina pa kwenda. Ungekuwa wewe ungewaza nini? Marafiki zangu nusu wako hivyo. Wamelelewa, wamefunzwa, wamekazwa juani. Wanangojea. Wengine washaanza kutoa maua.

Basi tulifanya nini? Kwanza tulinunua muda. Kuna namna za kuuchelewesha mche bila kuuua. Tulitenganisha vyombo ili majani yasigusane na kushindania mwanga. Tulipunguza maji, tukairudisha kivulini mchana. Iliyokuwa imebanwa zaidi tuliihamishia kwenye pakiti kubwa za unga, kifuu kwa kifuu, usiku, kwa taa ya simu. Tulipata siku kama kumi na mbili.

Ndani ya siku hizo Mama aliigawa ile miche kama anayegawa watoto kwa jamaa. Mia mbili zilikwenda kwa shangazi yangu upande wa Golini, kwenye udongo mwekundu ulio bora kuliko wetu, ijapokuwa kule kuna nyani, na ukikaribia Shimba Hills watu hulala jicho moja kwa ajili ya ndovu. Mia na nusu niliziuza Kombani, njia panda, shilingi tano mche. Wanunuzi waliuliza kama imezoeshwa jua, nikawaonyesha shina. Wanawake wa chama chake walichukua themanini kwa mapatano ya kulipa wakivuna. Nyuma ya nyumba, baina ya kaburi na choo, tulisimamisha magunia sita, tukatoboa ubavuni, tukapanda sukuma mpaka kwenye matundu. Tulinyunyizia maji ya majani ya mwarobaini yaliyolowa usiku kucha, viwavi wakapungua.

Iliyobaki, mia moja na zaidi, ilitoa maua kwenye vifuu. Mama hakuitupa. Kila siku aliinywesha mpaka ikatoa nyanya ndogo ndogo, saizi ya gololi, tukazila na kachumbari. Zilikuwa tamu. Mwenye shamba mpya hadi leo hajajenga. Seng'enge ipo, matuta ya Mama yamo ndani yake, na mwaka huu yameota mtsunga mwingi ajabu. Hatuingii kuuchuma.

Vuli ilipokaribia nilidhani Mama ataacha. Kumbe alikuwa akizunguka. Siku moja mwishoni mwa Agosti aliniita akaniambia nije na kalamu. Amepata robo ekari huko huko Golini, karibu na shangazi, kwa mzee mmoja mwenye hati yake, atakodi kwa misimu minne. Lakini safari hii hataki chai. Anataka karatasi. "Andika wewe uliyesoma," alisema, na sikusikia kejeli ndani yake.

Tukakaa ukumbini kwa yule mzee, pamoja na mzee wa mtaa na shangazi yangu kama mashahidi. Kodi, mipaka, maji ya kisima, nani anakarabati ua: hayo yalikwenda upesi. Tulipofika kwenye kipengele cha kuuza, mzee akasema lake, kwamba hana nia ya kuuza. Mama akasema anamwamini, lakini aandikiwe. Muda wa kuarifiwa uwe gani? Mzee akasema mwezi mmoja, ndio desturi.

"Mwezi mmoja niko barazani bado," Mama akasema. "Sijapanda."

Ndipo akamhesabia kwa vidole. Mwezi wa kwanza mche uko ndani ya kifuu. Mwezi wa pili na wa tatu uko shambani unakua na kutoa maua. Nyanya unaanza kuchuma siku sitini, sabini, hata tisini baada ya kuhamisha, na unaendelea kuchuma wiki kadhaa. Ukiniambia niondoke leo, na leo nimesia, nipe miezi minne, niutoe mche wangu niuvune. Miezi minne si tamaa yangu, ni ya nyanya. Mzee alikaa kimya, akauliza na miezi mitatu je. Shangazi akasema mitatu na nusu. Mzee wa mtaa akacheka, akasema hajawahi kuona mahari ikipatanwa hivi kwa ajili ya nyanya.

Niliandika miezi mitatu na nusu. Niliandika pia, kwa kuwa Mama alisisitiza, kwamba kwenye mpaka wa mashariki mlimaji ataruhusiwa kupanda mipapai miwili. Mzee alitazama sana sentensi hiyo. Mpapai si mnazi, haukai miaka mingi, lakini ni mti. Akaweka sahihi.

Siku iliyofuata tulikwenda Golini kuchimba matuta, tukayatia samadi, tukayafunika na nyasi. Ardhi ilipokuwa tayari, wiki mbili baadaye, ndipo Mama alipotoa pakiti ya mbegu kwenye mkebe wa majani ya chai, akaionja tena ile usumba kwa ulimi, na kuniambia nitandike vifuu upande wa kusini wa nyumba.